Geti Lijifungulie Lenyewe: Mwongozo Kamili wa Kuifundisha Intakomu ya Ghorofa

Jumamosi ya chama, mwenyeji anayekaa ghorofa ya nne pale Milimani, Kisumu, hapiki kwa raha. Intakomu inalia, anaacha sufuria, anakwenda ukutani, anabonyeza kitufe cha geti, anarudi jikoni. Hajashika mwiko, inalia tena. Wanachama kumi na wanane, na hakuna wawili walioshuka kwenye tuktuk moja. Jirani yake ana watoto wanaotoka shule saa kumi jioni naye yuko kazini. Mwingine ni muuguzi wa zamu ya usiku, analala mchana, na kila anayeleta maji au mtungi wa gesi humwamsha.

Wote hao watasaidika na kisanduku kidogo kinachokaa kando ya simu ya ukutani, kikasikia kengele na kubonyeza kitufe kwa niaba yao, kwa saa walizoruhusu tu. Upande wa umeme ni kazi ya mchana mmoja kwa mtu aliyezoea kulehemu. Ugumu uko kwingine: kuamua ni wakati gani geti lisifunguke, na kuhakikisha halifunguki hata stima ikikatika na kurudi mara tano usiku mmoja. Hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Ruhusa kwanza

Geti ni la ploti nzima. Kama wewe ni mpangaji, mwambie mwenye nyumba au wakala wake kwa maandishi, hata ujumbe wa WhatsApp unatosha, na msimamizi wa ploti ajue pia. Kama kuna askari anayekaa getini mchana na usiku, acha mpango huu. Yeye anaona uso wa mgeni, mashine haioni.

Mwongozo huu ni wa geti dogo la watu wa miguu lenye kitasa cha umeme. Geti la magari linalosukumwa na mota lina nguvu za kumbana mtoto, na halifai kuamriwa na mtu asiyeliona isipokuwa lina macho ya usalama yanayolisimamisha kitu kikipita katikati.

Pia kuna boksi la pawa la intakomu, ambalo kwa kawaida liko chini ya ngazi au kwenye chumba cha mita. Humo mna volti 240. Usilifungue, hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Kila tutakachogusa hapa ni volti ndogo, ndani ya nyumba yako.

Ijue simu yako ya ukutani

Fungua kifuniko cha simu kwa bisibisi na upige picha kabla hujagusa chochote. Picha hiyo itakuokoa siku ya kuhama, utakapotakiwa kuirudisha kama ulivyoikuta.

Ukikuta nyaya tano, hiyo ni intakomu ya mtindo wa zamani. Nne ni za jengo zima: sauti ya kwenda, sauti ya kurudi, waya wa pamoja na waya wa kufungulia geti. Wa tano ni wa kengele, na kila nyumba ina wake. Zingatia hizo nne za kwanza. Zimepita kwenye kila nyumba, kwa hiyo waya wa sauti ukigusana na wa pamoja kwako, jengo zima linaweza kukosa mawasiliano na geti. Waya wa kufungulia ukigusana na wa pamoja, kitasa kinabaki kimevutwa mpaka koili yake inaungua, na bili inakuja na jina lako.

Ukikuta nyaya mbili tu, mfumo ni wa kidijitali. Amri ya kufungua hupita humo kama msimbo, na ukizigusisha hizo mbili huambulii kitu ila kuzima simu za wenzako. Zenye skrini ziko za aina zote mbili.

Kwa sababu hiyo sipendi njia ya kuchuna nyaya za ukutani, ingawa mafundi wengi huanzia hapo. Fanya kazi kwenye kitufe chenyewe, ndani ya simu. Kila intakomu ina kitufe cha kufungulia, na kila kitufe cha kubonyeza, si cha kugusa tu, kina pande mbili zinazokutana kikibonyezwa. Rilei yetu, yaani swichi inayovutwa kwa umeme badala ya kidole, itazikutanisha pande hizo hizo. Hata mfumo uwe wa kidijitali namna gani, wenyewe utadhani ni kidole.

Miguu ya kitufe

Kitufe kidogo cha kwenye bodi huwa na miguu minne, lakini iko miwili miwili: miguu ya kila jozi tayari imeungana ndani kwa ndani. Ukilehemu kwenye miwili iliyoungana, rilei italia "tik" siku nzima na geti halitafunguka. Chukua miguu inayotazamana kwa pembe, mmoja juu kushoto na mwingine chini kulia. Hiyo haiwi ya jozi moja kamwe.

Thibitisha kwa mita. Chomoa simu kwenye nyaya zake, weka mita kwenye mlio wa kupima muungano, gusa miguu hiyo miwili. Iwe kimya kitufe kikiachwa, ilie kikibonyezwa. Kisha rudisha nyaya kama kwenye picha, weka mita kwenye volti za DC, upime tena: utaona volti kadhaa kitufe kikiwa huru, zikishuka karibu na sifuri ukikibonyeza. Kama mita inaonyesha sifuri wakati wote, jaribu upande wa AC, halafu jaribu simu ikiwa imeinuliwa. Baadhi ya simu hazikubali kufungua mpaka mkono uinuliwe, na zenye skrini nyingi hukubali tu kengele ikiwa imelia au skrini ikiwa inawaka. Zikiwa hivyo utahitaji rilei mbili: ya kwanza "ipokee", ya pili ifungue.

Kuisikia kengele

Mtu mmoja asimame getini na kupiga kengele, wewe uwe na mita kati ya waya wa kengele na waya wa pamoja. Kwenye mifumo ya zamani utapata kitu kama volti 12, AC au DC. Andika namba na aina yake.

Usiupeleke waya huo moja kwa moja kwenye bodi yako, yaani kompyuta ndogo itakayokaa ndani ya kisanduku. Katikati weka optokapla, na PC817 ndiyo ya kawaida. Ndani yake kuna taa ndogo upande mmoja na jicho upande wa pili, bila waya wowote kuunganisha pande hizo. Kengele ikilia taa inawaka, jicho linaona, bodi inajua. Faida yake si kulinda bodi tu. Ukiunganisha umeme wa chaja yako na waya wa pamoja wa jengo, majirani wote wanaweza kuanza kusikia mvumo kwenye simu zao, na hakuna atakayejua umetoka kwako mpaka fundi azunguke nyumba moja baada ya nyingine.

Taa hiyo inahitaji rezista mbele yake. Kwa volti 12 weka kilo-omu 1, mkondo utakuwa kama miliampea 11. Kwa volti 24 weka kilo-omu 3.3. Kama kengele ni ya AC, funga diodi 1N4148 sambamba na taa ya optokapla lakini kinyume chake, maana taa hiyo haivumilii zaidi ya volti 6 za kinyume.

Simu zenye skrini hutoa mlio kupitia spika, na mara nyingi volti za spika hazitoshi kuiwasha taa, inayohitaji kama 1.2 kabla haijaanza kufanya kazi. Hapo tafuta ndani ya simu sehemu inayopata umeme skrini inapowaka. Ukitumia njia hii jua kwamba hata wewe ukiwasha skrini kuchungulia getini, kisanduku kitadhani ni mgeni.

Kuna wanaobandika maikrofoni ndogo kando ya simu ili isikie mlio. Nyumba yenye watoto, au iliyopakana na kanisa lenye spika, usithubutu.

Vifaa na uunganishaji

Utahitaji bodi ya ESP8266 (D1 mini au NodeMCU), rilei moja ya volti 5, optokapla na soketi yake, rezista, diodi, chaja nzuri ya simu, swichi ndogo na nyaya nyembamba. Kisichopatikana madukani Kisumu au Nakuru huagizwa Luthuli Avenue, Nairobi, kikaja na basi. Kama kulehemu si kazi yako, kuna vifaa vilivyo tayari: Shelly Uni ina njia za kupokea ishara na swichi mbili zisizo na umeme wake, zinazobeba hadi miliampea 100. Ukichagua njia hiyo, ruka sehemu hii. Kanuni zinazofuata ni zile zile.

1. Chaja iingie kwenye bodi. Rilei ichukue volti 5 na gnd (upande hasi wa umeme) kutoka kwenye bodi, na mguu wake wa amri uende kwenye mguu wa bodi ulioandikwa D1.

2. Upande wa jicho la optokapla: mguu wake wa emita kwenye gnd, wa kolekta kwenye D2. Kwenye programu, D2 iwekwe kuwa ya kupokea, ikiwa na rezista ya ndani ya kuivuta juu.

3. Upande wa taa: rezista, kisha waya wa kengele, mguu wa pili kwenye waya wa pamoja wa simu. Hapa unagusa skrubu za simu yako tu, hukati waya wa jengo.

4. Toka kwenye COM na NO za rilei, yaani pande mbili zinazokutana ikivutwa, peleka nyaya mbili kwenye miguu ya kitufe. Katikati ya mmoja wao weka ile swichi ndogo, ionekane nje ya kisanduku.

Nimechagua D1 na D2 kwa makusudi. Miguu mingine ya bodi hii huruka juu kwa muda mfupi inapowaka, na mruko huo unatosha kuivuta rilei. Ukiiweka kwenye D0 au D4, kila stima ikirudi geti linaweza kufunguka bila mtu kuligusa. Angalia pia rilei yako inavutwa na amri ya juu au ya chini. Ziko za aina zote mbili, na zingine zina kibanio cha kuchagua. Chagua ya juu, na uhakikishe inakubali volti 3.3, maana D1 haitoi zaidi ya hapo.

Na ile swichi? Siku dada wa nyumbani akiwa peke yake na hapendi mtu aingie, anaizima kwa kidole. Haulizi nywila ya waifai, hafungui programu yoyote.

Kanuni za kufungua na za kukataa

Andika programu ianzie kwenye "hapana". Bodi ikiwaka haijui saa. Huipata kwenye intaneti. Ruta ikiwa bado haijaamka, au bando limeisha, bodi haina njia ya kujua kama ni saa nane mchana au saa nane usiku. Jibu lake liwe kukataa mpaka ipate saa sahihi. Anayetaka iendelee bila intaneti aongeze kifaa cha saa cha DS3231 chenye betri ya kifungo.

Saa yenyewe ina mitego miwili. Bodi huletewa saa ya dunia, nasi tuko saa tatu mbele. Usipoongeza tatu, chama cha saa nane mchana kitafunguliwa geti saa kumi na moja jioni. Na bodi huhesabu kuanzia usiku wa manane: saa nane mchana iandike 14, saa kumi jioni 16, saa moja usiku 19. Nimeona mtu akiandika 10 kwa ajili ya watoto wa shule, geti likawa linamkaribisha kila mtu saa nne asubuhi.

Kila ruhusa iwe na mwisho. Ya chama iishe baada ya saa mbili, au baada ya mifunguo ishirini, lolote litakalotangulia. Usiweke kabisa kitufe cha "fungua siku zote" kwenye programu, maana kikiwepo kitatumika, na kitasahaulika kikiwa kimewashwa. Kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi kataa moja kwa moja, hata simu yako ya mkononi ikiamuru vingine. Mgeni wa usiku mteremkie.

Kwa watoto, saa peke yake haitoshi, kwa kuwa mwizi naye anajua shule hufungwa saa ngapi. Wape ishara: kengele mara tatu ndani ya sekunde kumi. Usitumie ishara ya mlio mfupi na mrefu, kwani paneli nyingi za getini hutoa mlio ule ule hata ukibonyeza kwa sekunde moja au tano. Ibadilishe kila muhula, maana mtoto humwambia rafiki, na rafiki humwambia wa boda.

Mlio wa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde upuuzwe. Huo si mgeni, ni mshtuko wa umeme kwenye waya mrefu. Kama kengele yako ni ya AC, D2 itawaka na kuzima mara 50 kwa sekunde, na programu ya haraka haraka itahesabu wageni hamsini. Hesabu mlio kuwa umeisha ukimya ukizidi nusu sekunde.

Ukisharidhika kwamba ni mgeni, subiri sekunde mbili, vuta rilei kwa sekunde moja, iachie, kisha usifungue tena kwa sekunde kumi. Sekunde mbili za mwanzo ni za mgeni kushika geti. Ile moja ni kwa ajili ya kitasa: koili nyingi zimeundwa kwa msukumo mfupi, na ukizishikilia zinachemka.

Ukiendesha kisanduku kwa ukurasa wa waifai, kiwekee nywila yake. Nywila ya waifai yako umeshawapa majirani wangapi? Kila mmoja wao angekuwa na ufunguo wa geti. Na usikiweke wazi kwenye intaneti ili tu ukifikie ukiwa Nairobi.

Jaribu kabla ya kuamini

Zima ile swichi ndogo na uweke mita kwenye COM na NO. Piga kengele ndani ya saa za ruhusa, mita ilie mara moja. Piga nje ya saa, iwe kimya. Kisha chomoa chaja na kuirudisha mara kadhaa, nyingine polepole, nyingine kwa pupa kama stima inavyofanya mvua ikianza, huku ukisikiliza. Rilei ikilia "tik" hata mara moja, usiendelee. Rudi kwenye mguu uliotumia na aina ya rilei. Zima ruta, washa kisanduku, piga kengele: kikatae. Ni hapo tu ndipo unawasha swichi na kushuka getini mwenyewe.

Ukiwa huko angalia geti linajifunga. Kama springi imechoka au bawaba zimelegea na ulimi wa kitasa haukutani na tundu lake, kisanduku chako kitalifungua mara moja na litabaki wazi kutwa.

Radi, unyevu na sami

Bonde la Ziwa Victoria lina radi nyingi kupindukia, na waya unaotoka getini hadi ghorofani ni mrefu vya kutosha kuokota mshtuko wake. Optokapla ndiyo itakayotangulia kufa, na ndiyo sababu ya ile soketi: unaichomoa na kuweka nyingine bila kulehemu. Chaja uichomeke kwenye kizuia mshtuko, na ukisafiri ichomoe kabisa.

Paneli ya getini ina adui wake. Taa yake huwavuta sami, wale wadudu wadogo wa ziwani, msimu wao ukifika, wanajaa kwenye matundu ya spika, na unyevu huacha ukungu wa kijani kwenye skrubu za shaba. Msimamizi akiifungua kusafisha, aangalie pia kitufe cha kengele: kikikwama ndani, kisanduku kitasikia mlio usioisha. Kwa hiyo ongeza kanuni nyingine: mlio ukizidi sekunde thelathini, kataa na utume ujumbe kwenye simu ya mkononi.

Ikigoma

Rilei inalia, geti halina habari: rudi kwenye miguu ya kitufe, au simu yako ni ya zile zinazotaka kupokewa kwanza.

Geti linafunguka stima ikikatika: hilo halitoki kwako. Ni kufuli la sumaku, ambalo hushika likiwa na umeme na kuachia likiukosa. Lenye nguvu ya kushika kilo 280 hula karibu nusu ampea kwa volti 12, kwa hiyo betri ya 7Ah ingelishika saa kumi na nne kwa hesabu ya karatasi, na pungufu kwa betri iliyozeeka. Betri ni ya mwenye nyumba kununua.

Kitasa kinavuma lakini hakiachii, hasa geti likiwa mbali: laumu waya. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.5 una ukinzani wa karibu omu 0.035 kwa mita. Geti likiwa mita 40 kutoka kwenye boksi la pawa, umeme unasafiri mita 80 kwenda na kurudi, omu 2.8 hivi. Kitasa cha volti 12 kinachokula ampea 1 kinapoteza karibu volti 3 njiani na kubakiwa na 9. Waya wa milimita mraba 1.5 ungepoteza chini ya volti 1. Mpelekee mwenye nyumba hesabu hiyo pamoja na kipimo cha mita kilichochukuliwa kwenye kitasa wakati mtu anabonyeza, na kazi ya kubadilisha waya aifanye fundi wake.